VUMBI LA KAZINI NA MAPAFU YETU: Mambo ya kujua kwa makuli wa saruji, wasaga unga, mafundi mbao na waponda kokoto wa Kigoma



Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee vumbi. Najua kuna watakaosema "vumbi tena, Kigoma hii nani hajalizoea?" Hapo hapo ndipo tatizo linapoanzia. Tumelizoea.

Baba mdogo wangu amebeba saruji zaidi ya miaka kumi na tano. Toka ghalani hadi kwenye gari, toka kwenye gari hadi kwenye boti. Alipoanza kukohoa watu wakasema ni baridi ya ziwa. Baadaye wakasema sigara, wakati yeye havuti. Mwisho wakasema ile mnayoijua wenyewe, kwamba kuna mtu kamchezea. Alipimwa makohozi ya TB mara tatu, mara zote hakuna kitu, akarudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Safari ya nne akakutana na daktari kijana, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mzee, unafanya kazi gani hasa?"

Kwenye kadi yake palikuwa pameandikwa "kibarua". Basi, neno moja. Kuna kibarua wa kupalilia muhogo na kuna kibarua wa kupakia saruji. Kadi haioni tofauti, ila mapafu yanaiona.

Mimi si daktari, niliishia kidato cha nne. Lakini baada ya hapo nikaanza kusoma na kuulizia, na haya ndiyo niliyokusanya. Kama una ndugu kwenye kazi hizi, msomee.

VUMBI LA HATARI NI LILE USILOLIONA

Vumbi tunalolionea kinyaa ni lile linaloganda kwenye nyusi na kujaza pua. Hilo ni kubwa, na mwili una namna ya kulizuia. Vinyweleo vya puani vinalikamata, ute unalinasa, unapiga chafya au unatema, limekwisha.

Tatizo ni lile dogo. Vumbi hupimwa kwa mikromita. Milimita moja ina mikromita 1,000, na unywele wa mtu ni kama mikromita 70 hivi. Chembe zilizo chini ya mikromita 10 zinaweza kupita pua na koo na kuingia kwenye mirija ya hewa. Zile ndogo zaidi, za mikromita 4 kushuka chini, zinafika hadi mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vya hewa ambako damu inachukua oksijeni. Chembe moja kama hiyo huioni kwa macho, na inaweza kuelea hewani kwa masaa. Yaani ghala linaweza kuonekana limetulia, watu wamekaa wanakula ndani, kumbe lile baya bado liko juu yao.

Likishafika kule chini, mwili unatuma askari wake wa kulimeza. Kama ni vumbi jepesi, askari wanalisafisha taratibu. Kama ni vumbi kali kama la silika, wanakufa nalo, linatoka, wanakuja wengine, nao wanakufa. Vita hiyo ikiendelea miaka, mahali pake panabaki kovu. Pafu lenye makovu halitanuki vizuri, ni kama mpira wa ndani wa baiskeli uliojaa viraka.

KWA NINI ANAYEBEBA ANAUMIA KULIKO ANAYESIMAMIA

Mtu aliyekaa tu anavuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Mtu anayebeba mzigo mzito anaweza kufika lita 40 na kuzidi. Halafu akichoka anahemea mdomoni, na hapo ule mchujo wa puani unakuwa haupo tena. Kwa hiyo nyapara mwenye daftari na kuli mwenye mfuko begani wako kwenye ghala moja, ila hawavuti vumbi sawa.

Sasa piga hesabu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Tani moja ni mifuko 20. Behewa lenye tani 40 lina mifuko 800. Kila mfuko unaotupwa unapumua kidogo kwenye mshono, na ule uliopasuka unamwagika wote. Kigoma ni mwisho wa reli tangu 1914, na mzigo ukifika hapa lazima ushushwe upakiwe tena kwenda Burundi na Kongo au vijiji vya mwambao. Saruji inayoshushwa kwa mkono na kupakiwa kwa mkono inapita begani mwa mtu mara mbili, wakati mwingine tatu. Ndiyo maana nasema mji wetu hauna kiwanda kikubwa cha saruji, lakini una watu wanaovuta vumbi la saruji kama wa kiwandani.

KILA KAZI NA VUMBI LAKE

1. Saruji. Vumbi lake lina chokaa nyingi, na likikutana na unyevu wa koo, macho au jasho linakuwa kali na linaunguza. Ndiyo maana makuli wengi wana macho mekundu na ngozi iliyopasuka shingoni. Kwenye mapafu linachochea mirija iwe na ute mwingi na kuvimba, na baada ya miaka njia za hewa zinakuwa nyembamba. Hapa nchini kuna utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji ukachapishwa 2005, ukiongozwa na Dk. Julius Mwaiselage. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ulikutwa kwa asilimia 18.8 ya waliokuwa kwenye vumbi. Kwa wale wasiokuwa kwenye vumbi ilikuwa asilimia 4.8. Yaani karibu mara nne. Na kadiri mtu alivyokusanya vumbi jingi kwa miaka, ndivyo hatari ilivyopanda.

2. Kokoto na mawe. Hapa ndipo pabaya kuliko pote, na ndipo watu wanapopadharau. Wanajiolojia wana mwamba walioupa jina la mji wetu, kwatzaiti ya Kigoma. Kwatzaiti ni mchanga wa kale ulioshikana ukawa jiwe gumu, na sehemu yake kubwa ni silika. Unapoliponda kwa nyundo, kulichoronga au kulikata kwa mashine kavu, unatengeneza vumbi la silika. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi. Kwa kawaida unajitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, ila vumbi likiwa jingi sana unaweza kuja ndani ya miaka michache tu. Hauna dawa ya kuuponya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1997.

Na vijana wetu wanaokimbilia machimbo ya dhahabu, hili linawahusu. Utafiti uliochapishwa 2015 ulipima hewa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Tanzania. Waliokuwa wakichoronga chini ya ardhi walikuwa kwenye silika ya wastani wa miligramu 16.85 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani ni 0.05. Ni mara 337. Sijakosea kuandika.

3. Unga. Mashine ya kusaga muhogo na mahindi mara nyingi iko kwenye chumba kidogo chenye mlango mmoja. Msagaji anatoka mweupe kama mzimu, watoto wanacheka. Vumbi la unga halitengenezi kovu kama la mawe, lakini linaleta mzio. Mtu anaanza na chafya na mafua yasiyoisha, mwishowe anapata pumu aliyokuwa hana. Waoka mikate dunia nzima wanaijua pumu hii. Akishaipata, hata unga kidogo unatosha kumbana.

4. Mbao. Fundi seremala wa Mwanga na fundi boti wa kule ufukweni wanavuta vumbi la msasa na la randa. Mninga na mvule zinasifika kwa uzuri, na vumbi lake linasifika kwa kuwasha pua, macho na kifua. Tangu 1995 vumbi la mbao liko kwenye lile kundi la visababishi vya saratani, hasa ya ndani ya pua na mashimo yake. Fundi anayetoka damu puani mara kwa mara au pua imeziba upande mmoja kwa miezi, asipuuzie.

5. Mkonge. Utasema Kigoma hatuna mashamba ya mkonge. Kweli, ila babu zetu wengi walitoka huku kwenda Tanga kama manamba, na wapo wazee waliorudi na kikohozi. Utafiti juu ya wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini uliochapishwa 2008 ulionyesha dalili nyingi za kifua, hasa kwa wale wa idara ya brashi ambako nyuzi zinapigwa zikiwa kavu. Kwenye vumbi la nyuzi, pamba hasa, kuna kitu cha ajabu. Kifua kinabana zaidi siku ya kwanza baada ya mapumziko, halafu mwili unazoea kadiri wiki inavyokwenda. Watu wakadhani ni uvivu wa Jumatatu, kumbe ni ugonjwa.

DALILI ZA KUANGALIA

- Kikohozi kinachokuja karibu kila asubuhi, hasa chenye makohozi, kwa miezi.
- Kuhema kwenye kilima ambacho mwaka juzi ulipanda unaimba. Watu wa Kigoma mjini vilima tunavyo, kwa hiyo kipimo hiki ni cha bure.
- Kifua kupiga filimbi au kubana usiku baada ya kazi.
- Kujisikia nafuu ukiwa likizo au msibani siku kadhaa, halafu hali inarudi ukirudi kazini. Hii ni dalili kubwa kabisa kwamba kazi inahusika.
- Kupungua uzito, homa za jioni, jasho la usiku au kukohoa damu. Hizi ukiziona usisubiri, nenda kapime TB mara moja.

SI KILA KIKOHOZI NI TB, LAKINI TB NAYO IPO

Hapa watu wanachanganya, naomba tuelewane. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, kapime TB. Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali, na dozi ya kawaida ni miezi sita. Majibu yakija hakuna TB, isiishie hapo. Bado unakohoa, kwa hiyo kuna sababu nyingine inatakiwa itafutwe.

Na kinyume chake pia. Mwenye silika kwenye mapafu anapata TB kirahisi kuliko mtu mwingine, kwa sababu wale askari wa mapafu wameshachoka na vumbi. Kwa hiyo mponda kokoto au mchimbaji anaweza kuwa na vyote viwili. Akimaliza dozi ya TB bakteria wakaisha, lakini bado anahema, watu wanasema dawa haikufanya kazi. Dawa ilifanya kazi yake. Kilichobaki ni kovu la vumbi.

Vipimo vyenyewe ni viwili vikubwa. Kuna picha ya kifua, ambayo inaonyesha makovu. Halafu kuna kipimo cha kupuliza, unavuta hewa hadi mwisho unapuliza kwa nguvu kwenye mashine, inasoma ni kiasi gani kimetoka kwenye sekunde ya kwanza. Mtu mwenye njia pana anatoa hewa nyingi sekunde hiyo ya kwanza. Mwenye njia zilizoziba anaitoa kidogo kidogo. Muhimu hapa: mirija inaweza kuziba kwa vumbi la saruji huku picha ya kifua ikionekana safi. Kwa hiyo ukiambiwa "picha haina tatizo", uliza na kipimo cha kupuliza. Anzia kituo cha afya cha karibu, ukiona haiendi omba rufaa hospitali ya mkoa, Maweni.

IMANI TUNAZOTAKIWA KUZIACHA

"Maziwa yanasafisha vumbi." Hii imeenea kila mahali, hadi kuna sehemu mabosi wanagawa pakiti ya maziwa jioni, watu wanafurahi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Ni nyumba mbili tofauti. Bosi anayekupa maziwa badala ya barakoa kakupa chakula, hajakupa kinga.

"Pombe kali inakata vumbi." Inakata akili tu.

"Nimefunga kitambaa." Leso au khanga inazuia lile vumbi kubwa ambalo hata pua ingelizuia. Lile dogo linapita kwenye nyuzi na pembeni ya mashavu. Zile barakoa nyepesi za hospitali nazo haziko kwa ajili ya vumbi hili. Inayotakiwa ni ile ngumu ya kuchuja chembe, imeandikwa N95 au FFP2, inayokaa vizuri usoni, mikanda yote miwili imefungwa. Kwa mawe na uchimbaji hata hiyo peke yake haitoshi.

KINGA INAANZIA KWENYE VUMBI, SIYO PUANI

Wataalamu wa afya kazini wana utaratibu wao: kwanza zuia vumbi lisitoke, pili liondoe hewani, barakoa iwe ya mwisho. Sisi tunaanza na ya mwisho, na hata hiyo hatuna. Mambo yasiyo na gharama kubwa ni haya:

1. Maji. Jiwe lililolowa halitoi vumbi kama jiwe kavu. Mwagia kokoto kabla ya kuponda, mwagia sakafu kabla ya kufagia. Ziwa la pili kwa kina duniani liko hapo mbele yetu, ndoo ya maji haiwezi kuwa kisingizio.
2. Saruji usiimwagie maji kwenye mifuko, itaganda. Hapo kinga ni kutotupa mifuko. Iweke, usiitupe. Iliyopasuka iingizwe kwenye mfuko mwingine hapo hapo, isikanyagwe siku nzima.
3. Upepo. Wengi mnajua ziwa linavyobadilisha upepo kati ya asubuhi na jioni. Simama upande unakotoka upepo, vumbi liende mbele yako. Ghala lifunguliwe milango miwili inayotazamana.
4. Mashine ya unga ifungwe mfuko wa kitambaa kizito pale unga unapotokea, na chumba kiwe na dirisha. Fundi mbao afanyie msasa nje.
5. Usifagie makavu na usipulize nguo kwa kompresa.
6. Oga na badili nguo kabla ya kwenda nyumbani. Mtoto anayekukumbatia mlangoni anavuta kile kilicho kwenye shati lako.
7. Acha sigara. Vumbi na sigara haviongezani tu, vinasaidiana kukumaliza.

SHERIA INASEMAJE

Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi dhidi ya vitu vinavyodhuru afya, atoe vifaa vya kinga, na wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baada ya hapo. Vifaa vya kinga si zawadi ya bosi, ni wajibu wake.

Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyozaa Mfuko wa Fidia, WCF, ulioanza kazi 2015. Mfuko huu haulipi waliokatika vidole peke yao. Unahusu na magonjwa yanayotokana na kazi, likiwemo la mapafu kwa vumbi. Unagharamia matibabu, unalipa ulemavu wa muda na wa kudumu, na mtu akifariki kuna malipo kwa wategemezi. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti.

Sasa ndipo tunapofika kwenye uchungu wenyewe. Baba mdogo alilipwa kwa mfuko. Leo ghala hili, kesho boti lile, pesa mkononi jioni, jina kwenye daftari la nyapara ambaye mwenyewe alishahama mji. Sitataja ghala lolote hapa. Ninachosema ni kwamba siku ya kudai, swali la kwanza ni "mwajiri wako nani?" na yeye hana hata karatasi moja. Mtu mwenye mkataba ana sheria mbili nyuma yake. Anayelipwa kwa mfuko ana ndugu zake tu.

FANYA HAYA KUANZIA KESHO

Moja, nunua daftari. Andika tarehe, ghala au boti, aina ya mzigo, idadi ya mifuko, jina la aliyekulipa. Dakika mbili tu kila jioni. Daftari lako si hukumu, lakini ni bora kuliko kumbukumbu ya kichwani baada ya miaka kumi.

Mbili, mkiwa kumi au ishirini jiandikisheni kama kikundi, muongee na mwenye mzigo kwa sauti moja. Mtu mmoja akidai barakoa anaambiwa kesho asije. Watu ishirini ndio wanaoshusha behewa.

Tatu, ukienda hospitali usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: "Nabeba saruji miaka kadhaa," "naponda mawe," "nasaga unga." Na kama kadi imeandikwa "kibarua", omba waongeze kibarua wa nini.

Baba mdogo sasa ameacha saruji, anauza migebuka. Kilichoharibika hakirudi, daktari alimwambia wazi, ila kuendelea kuharibika kumepungua. Anapanda kilima kwa vituo vitatu, zamani kidogo vilikuwa vitano. Kwenye kadi yake mpya pameandikwa "mbeba saruji, miaka 15". Maneno machache tu, lakini kama yangeandikwa siku ya kwanza, asingezunguka na chupa za dawa ya kikohozi muda wote ule.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu wa kazi hizi, hasa wa Kibirizi, Ujiji na mliowahi kuwa machimboni, mwageni mnayoyajua hapo chini. Na madaktari mliomo humu, nikikosea mnirekebishe.